Viwakilishi vya Kiingereza Katika Darasa la Mpakani: Uhakiki wa Orodha ya Aina

Vitabu vya sarufi ya Kiingereza vilivyopata kutumika katika shule za Afrika ya Mashariki huifungua sura ya viwakilishi kwa njia ambayo haibadiliki sana. Kwanza hutolewa fasili, kwamba kiwakilishi ni neno lisimamalo badala ya jina. Kisha hufuata orodha ya aina: vya nafsi, vimilikishi, vya kujirejea, vya kutendana, vionyeshi, viulizi, virejeshi, na vile visivyo dhahiri. Kila aina hupewa mifano yake na zoezi la kujaza nafasi, na sura hufungwa. Mwanafunzi aliyekariri vyema huweza kusema bila kusita kwamba "myself" ni cha kujirejea na "whom" ni kirejeshi. Siku ya pili huandika insha, na ndani yake hutokea makosa yale yale ambayo sura nzima ilikusudiwa kuyaondoa.

Kwa kawaida lawama huangukia mmoja wa watu wawili, ama mwanafunzi asiyesikia ama mwalimu asiyejua. Ni nadra kuulizwa kama orodha yenyewe inafaa. Matayos, katika Kaunti ya Busia, ni mahali pazuri pa kuulizia swali hilo. Mtoto wa Bukhayo husema Kikhayo nyumbani, nacho ni kimojawapo cha vilugha vya Kiluhya. Kaskazini yake, kuelekea Malaba, wako jirani zake wasemao Kiteso, ambacho si lugha ya Kibantu bali ya Kiniloti. Sokoni Busia, na kando ya malori yangojayo kuvuka, hutawala Kiswahili. Kiingereza humngojea shuleni. Mpaka wenyewe ni mgeni kuliko lugha hizi, kwani nchi yote hii ilihesabiwa kuwa ya Uganda hadi 1902, na hata leo Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili. Kamati ya Gachathi ilipopendekeza mwaka 1976 kwamba lugha ya mahali itumike katika madarasa matatu ya kwanza, ilikubali kwamba mtoto haji shuleni akiwa na kichwa kitupu. Viwakilishi vya Kiingereza, basi, humkuta akiwa na mifumo miwili au mitatu ya kutaja nafsi, yote timamu na yote ikifanya kazi. Sura ya kitabu humzungumza kana kwamba hana hata mmoja.

Yafaa kuianza hoja na fasili, kwa kuwa humo ndimo kosa lilimojificha. Neno la Kilatini "pronomen" ni tafsiri ya neno la Kiyunani lililotumiwa katika sarufi inayohusishwa na Dionysius Thrax, na maana yake ni hiyo hiyo: kitu kilicho mahali pa jina. William Bullokar alipotoa sarufi ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1586, mfano wake ulikuwa ni Kilatini. Lindley Murray, ambaye kitabu chake cha 1795 kilitawala madarasa ya Uingereza na Marekani kwa vizazi kadhaa, alihesabu aina tatu tu za viwakilishi, akaviingiza vionyeshi na vimilikishi katika fungu moja alilolihusisha na vivumishi. Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya 1985, waliweka pamoja vya nafsi, vya kujirejea na vimilikishi kama kiini cha kundi zima, wakaviacha vingine pembezoni. Huddleston na Pullum, mwaka 2002, walikwenda mbali zaidi: kwao viwakilishi ni tawi la majina, na "this" na "that" vimehamishiwa kundi jingine kabisa. Kwa hiyo idadi ya aina haikupata kuwa jambo la asili la lugha. Kila mwanasarufi alizikata kwa kisu chake. Mtoto wa Matayos hupewa mkato mmoja na kuambiwa kwamba ndiyo lugha yenyewe.

Hata fasili ina dosari katika Kiingereza chenyewe. Émile Benveniste alionyesha mwaka 1956 kwamba maneno ya nafsi ya kwanza na ya pili hayasimami badala ya jina lolote. Asemaye "I" hakuliacha jina lake ili alitumie neno fupi. Amejitaja kuwa ndiye anenaye, na neno hilo litahamia kwa mwingine mara tu mwingine atakapofungua kinywa. Ni nafsi ya tatu peke yake ambayo hushika mahali pa jina. Jambo hili laweza kuonekana kama ujanja wa wanafalsafa, lakini lina matokeo makubwa darasani, kwa sababu karibu makosa yote mazito ya mwanafunzi wa Kibantu hutokea katika nafsi ya tatu.

Na itazamwe mifano mitatu ya aina ambayo mwalimu yeyote wa magharibi mwa Kenya ataitambua bila kuambiwa imetoka wapi:

(1) My father he has gone to Busia.
(2) The lorry which it came from Uganda is at Malaba.
(3) The man whom I saw him is a teacher.

Msahihishaji hupiga mstari mwekundu chini ya "he", "it" na "him", akaandika pembeni kwamba maneno hayo hayahitajiki. Ni kweli hayahitajiki. Lakini yametoka wapi? Jibu limo katika sentensi za Kiswahili zinazolingana na hizo, nazo zinalingana kwa usahihi wa kushangaza:

(4) Baba yangu amekwenda Busia.
(5) Lori lililotoka Uganda liko Malaba.
(6) Mtu niliyemwona ni mwalimu.

Katika (4), kitenzi hakiwezi kusimama bila "a-". Jina "baba" lipo, na kiambishi cha nafsi kipo pia; hakuna anayemfukuza mwenzake. Mwanafunzi aliyeandika (1) hakuongeza neno. Alitafsiri kila kilichokuwamo katika sentensi yake. Mfano wa (5) unavutia zaidi. Kitenzi "lililotoka" kina "li-" ya kiima mwanzoni, "-li-" ya wakati uliopita, na "-lo-" ya rejea. Kirejeshi na kiambishi cha kiima vyote viwili vimo, kila kimoja mahali pake. Mwenye kuziweka mofimu hizo katika Kiingereza moja baada ya nyingine atapata "which" kwa "-lo-" na "it" kwa "li-" ya mwanzo, yaani "which it came", hasa kilichoandikwa. Katika (6) hali ni hiyo hiyo kwa upande wa yambwa: "-ye-" ni rejea, na "-mw-" ni yambwa, kwa hiyo "whom I saw him". Kikitumiwa kirejeshi cha "amba-", na isemwe "mtu ambaye nilimwona", umbo la Kiswahili hulikaribia kosa la Kiingereza hata zaidi, kwa kuwa kirejeshi kimetoka nje ya kitenzi na kuonekana kama neno la peke yake.

Hapa ndipo fasili ya kitabu inapomwangusha mwanafunzi, ingawa ingeweza kumsaidia. Kiwakilishi cha nafsi ya tatu cha Kiingereza kweli hushika mahali pa jina: likiwapo jina, chenyewe hutoka, kikiingia, jina huondoka. Kiambishi cha nafsi cha Kiswahili, na cha Kikhayo vivyo hivyo, hakishiki mahali pa jina. Huandamana nalo. Tofauti kati ya kushika mahali na kuandamana ndiyo sarufi yote ya mifano (1) hadi (3), nayo haimo katika orodha ya aina. Imo katika fasili, lakini imesemwa kwa maneno mepesi mno, kama kauli ya utangulizi ya kukaririwa, na wala haikufuatishwa hadi mwisho wake. Kurasa nyingi hutumika kuzipanga aina, na kanuni moja ambayo ingeponya insha haipewi hata mstari.

Ni haki kuongeza kwamba Mwingereza mwenyewe, katika mazungumzo, husema "my father, he's gone", akitua kidogo baada ya jina. Tofauti ni kwamba kwake huo ni mtindo wa kulitanguliza jambo, na kalamuni huuacha. Mwanafunzi wa Busia haoni kwamba amefanya mtindo wowote.

Kosa la fasili huzidishwa na jedwali linaloandikwa ubaoni tangu siku za mwanzo: "I" ni mimi, "you" ni wewe, "he" ni yeye. Jedwali hili ni rahisi, na ni la uongo. Msemaji wa Kiswahili hatumii "yeye" kila mara atajapo nafsi ya tatu. Hulitumia anapotaka kutofautisha au kusisitiza, kama katika "yeye amekubali, mimi nimekataa". Mwenza halisi wa "he" ni "a-", na mwenza wa "him" ni "-m-". Jambo la ajabu ni kwamba mwanafunzi ambaye huhangaika na tofauti ya "he" na "him" hupata kuijua tofauti hiyo tangu utotoni. Hasemi kamwe "ninaaona" akikusudia mtu mmoja, husema "ninamwona". Hachanganyi "u-" ya "unakuja" na "-ku-" ya "ninakuona". Kiswahili kinazo sura mbili, ya kiima na ya yambwa, katika nafsi ya pili na ya tatu, na huzishika bila kuteleza. Sura hizo zimo ndani ya kitenzi, nalo jedwali, kwa kutafuta maneno yasimamayo peke yake, limezipita bila kuziona. Limemwekea mtoto "yeye", ambalo halibadiliki hata kidogo liwapo kiima au yambwa, kisha likamshangaa asemapo "me I saw he".

Vimilikishi, vya kujirejea na vya kutendana vyaweza kupitiwa kwa haraka zaidi. Kiingereza kina "my" na "mine", maumbo mawili kwa kazi mbili, ya kufuatana na jina na ya kusimama peke yake. Kiswahili kina shina moja, "-angu", liwe katika "kitabu changu" au katika "changu kimepotea". Mwanafunzi hana budi kuambiwa kwamba Kiingereza hubadili umbo pale ambapo lugha yake hubadili nafasi tu. Ama "myself", hilo ni neno moja lifanyalo kazi ambazo Kiswahili hazichanganyi: "nimejikata" huipeleka ndani ya kitenzi kwa "-ji-", na "mimi mwenyewe" huiacha nje kwa "-enyewe". "Each other" nalo halina neno la kulilinganisha nalo kabisa, kwani kazi yake imefanywa na "-ana" mwishoni mwa kitenzi. Mbili kati ya aina za orodha, kwa hiyo, si aina za maneno kwa mwanafunzi huyu. Ni viungo vya kitenzi. Na hapa pana jambo la kumlaumu mwalimu kidogo. Kosa la "they love themselves" kwa maana ya kupendana halina udhuru katika Kiswahili, ambacho hutenga "wanajipenda" na "wanapendana" kwa uwazi usio na shaka. Sentensi mbili hizo zikiandikwa ubaoni bega kwa bega, zitamaliza shughuli kuliko zoezi la kurasa mbili.

Kosa mashuhuri kuliko yote, lile la "he" na "she", ndilo lenye maelezo mabaya kuliko yote. Husemwa kwamba Waafrika huyachanganya kwa sababu lugha zao hazina jinsia. Maelezo hayo hayafiki Malaba. Kiteso kinayo jinsia ya kisarufi, nayo ni dhahiri katika viambishi awali vya majina: "etelepat", mvulana, huanza kwa e- ya kiume, "apese", msichana, huanza kwa a- ya kike, na "ikoku", mtoto, huchukua i- isiyo ya upande wowote. Vionyeshi navyo hufuata, "lo" kwa wa kiume na "na" kwa wa kike. Hata hivyo kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja ni kimoja, "ngesi", awe mume au mke. Mtoto wa Kiteso amezoea kutenga kiume na kike katika jina na katika kionyeshi, na bado huweza kuteleza afikapo kwenye "he" na "she". Tatizo lake, basi, haliwezi kuwa ukosefu wa jinsia. Ni kwamba lugha yake huiweka jinsia katika jina, na Kiingereza huiweka katika kiwakilishi.

Kwa upande wa Kikhayo na Kiswahili, kusema kwamba hakuna jinsia ni kuifasili jinsia kwa kipimo cha Ulaya. Lugha hizi zina ngeli, tena nyingi kuliko jinsia za lugha yoyote ya Ulaya, na upatanisho wake huenea sentensi nzima. Mtoto asemaye "omundu" kwa mmoja na "abandu" kwa wengi, na kulipatanisha kila neno na ngeli hiyo, hakosi uwezo wa kuchagua kiwakilishi kufuatana na jina. Kiingereza humtaka achague kwa kumtazama mtu mwenyewe, si jina, na tena katika pembe moja tu ya lugha, yaani nafsi ya tatu umoja. Wingi hauna tofauti hiyo, wala nafsi ya kwanza na ya pili. Akielezwa hivyo, ataona kwamba kazi ni ndogo kuliko alivyodhani. Na ni vyema aambiwe pia kwamba pembe hiyo haijatulia hata kwa wenyewe. "They" kwa maana ya mtu mmoja asiyejulikana limo katika Kiingereza tangu karne ya 14. Wanasarufi walilipiga marufuku kwa muda mrefu, na mwongozo wa uandishi wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani ukaliruhusu rasmi katika toleo lake la 2019. Kitabu cha shule kinachosisitiza "he" kwa kila mtu kinafundisha kanuni ambayo wenye lugha wameanza kuiweka kando, huku mtoto aliyezaliwa na "yeye" akiadhibiwa kwa kuifikia mapema.

Palipo na upungufu upande wa Kiingereza, orodha hukaa kimya vile vile. "You" ni neno moja kwa mmoja na kwa wengi, tangu "thou" lilipotoweka katika usemi wa kawaida. Msemaji wa Kiswahili, mwenye "wewe" na "ninyi", hulikuta pengo hilo na kuliziba kwa "you people", ambalo masikioni mwa Mwingereza husikika kama tusi. Halikukusudiwa hivyo hata kidogo. "We" nalo ni pungufu kwa Mteso, ambaye lugha yake ina maneno mawili ya "sisi", "oni" na "isio", moja likimjumuisha asikiaye na jingine likimwacha nje. Dalali wa mpakani amwambiapo mteja wake kwa Kiingereza "we shall pay", Mteso ana haki ya kuuliza ni nani atakayetoa fedha. Kiswahili hakimsaidii hapo zaidi ya Kiingereza.

Lingekuwa jambo dogo kama orodha hii ingebaki katika somo la Kiingereza. Imevuka na kuingia katika sarufi za Kiswahili zenyewe. C. M. Doke alikwisha kuonya katika miaka ya 1930 dhidi ya kuzikata lugha za Kibantu kwa kisu cha Kilatini. E. O. Ashton naye, katika kitabu chake cha 1944, aliviingiza viambishi ngeli kwa ngeli, na akaiita "-o" ya "-lo-", "-cho-" na wenzake kuwa ni "-o" ya rejea, jina lililoufuata mwendo wa lugha yenyewe. Vitabu vingi vya shule vilivyokuja baadaye vilirudi nyuma. Mwanafunzi hutakiwa kusema kwamba "hiki" katika "kitabu hiki" ni kivumishi, na "hiki" katika "hiki ni changu" ni kiwakilishi. Tofauti hiyo ya kazi ni ya kweli, na hakuna ubaya kuitaja. Lakini huchukua vipindi, na huulizwa katika mitihani, ilhali "a-", "-m-", "-ji-" na "-ye-", ambavyo ndivyo viwakilishi vinavyofanya kazi kila mtu afunguapo kinywa, hufundishwa sura nyingine kabisa, chini ya kitenzi, kana kwamba havihusiani na nafsi. Matokeo yake yaonekana katika maandishi ya waliosoma: "yeye" na "wao" vimejazana mwanzoni mwa sentensi ambazo kitenzi kilikwisha kuvibeba, na "ambaye" limekalia kila mahali ambapo "-ye-" ingetosha. Kiingereza cha mtoto wa Matayos kimebeba viambishi vya Kiswahili, na Kiswahili cha mhitimu kimebeba viwakilishi vya Kiingereza. Ni jedwali moja lililowaharibu wote wawili, na wa kwanza tu ndiye anayepoteza alama.

Marekebisho hayahitaji kitabu kipya. Jedwali la ubaoni laweza kubaki, likiandikwa upya. Mbele ya "he" iandikwe "a-", mbele ya "him" iandikwe "-m-", mbele ya "himself" iandikwe "-ji-" na kando yake "mwenyewe", mbele ya "each other" iandikwe "-ana". "Yeye" lipewe mstari wake chini, pamoja na mfano wa kusisitiza. Darasa likiwa na Wateso, "ngesi" lichorwe karibu na "he" na "she" pamoja, ili waone ni wapi njia hugawanyika. Na iongezwe safu ya tatu yenye swali moja: jina likiwapo, neno hili hufanya nini? Mbele ya "a-" jibu litakuwa kwamba hubaki. Mbele ya "he" litakuwa kwamba hutoka.